Pimbi na Kitabu cha Mahali

Niwieni radhi mapema, wanangu, hadithi hii nitaiharibu. Wapo wanaoisimulia vizuri, lakini leo wamenyamaza, na mimi kunyamaza sikufundishwa. Basi kaeni. Anayetaka kukohoa akohoe sasa.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, na masufuria, na mikutano isiyokwisha, palikuwa na Kitabu cha Mahali. Kila mto, kila kilima, kila kitongoji chenye jina kiliandikwa humo. Mahali palipoandikwa palikuwa pa wote: njia inafyekwa, na kila mnyama ana ruhusa ya kwenda kunywa na kuoga. Mahali pasipoandikwa, basi, hapapo.

Mwenye Kitabu alikuwa Mzee Tembo. Karani wake alikuwa Kifaru, haoni mbali wala karibu, akisoma pua yote inajaa wino. Mjumbe alikuwa Bwana Kiboko. Bwawa lake lilikuwa limeanza kukauka, kwa hiyo kila jina jipya likiletwa yeye swali lake ni moja: "Kuna maji?"

Siku moja Kunguru akaleta jina. "Kitonoko! Nimewasikia pimbi wakiitaja!"

"Mkutano kesho," akasema Mzee Tembo. "Tutaamua kama inastahili kuandikwa."

Pimbi, kanyama kenyewe hata sungura anamzidi, aliposikia hayo moyo ulimruka pwaa! Kitonoko ndiko kwao. Mawe saba, na katikati kijichemchemi, to, to, to. Kinawatosha pimbi na vyura. Kiboko akikaa pale mara moja tu, siku anayoinuka anainuka na chemchemi.

Akawaza: "Nikisema msiandike, watajua kuna kitu. Dawa ni kuwaomba waandike."

Kesho yake akaja na mama yake, ajuza wa kujikongoja, akamketisha nyuma. Yeye akaruka mbele.

"Shikamooni, wazee! Kitonoko iandikwe leo leo, kurasa saba!"

"Marahaba," akasema Mzee Tembo. "Kuna nini huko?"

"Mzee wangu, niulize hakuna nini! Kuna mto, ukianza kuvuka ungali kijana, ng'ambo unafika na mvi!"

"Alaa!" Kiboko akanyoosha shingo. "Mto gani huo nisioujua mimi?"

"Tena samaki wake wanavaa viatu!"

Kwa kwa kwa! Mkutano ukaangua kicheko.

"Na bandari?" akauliza Kifaru, huku anaandika kweli.

"Mbili, karani! Moja ya kuingilia, moja ya kutokea."

Kiboko akacheka mpaka tumbo likapiga chini, pu! pu! "Mwongo mkubwa huyu! Mto kama huo mimi nisiusikie? Huko hakuna hata tope. Futa, Kifaru! Futa!"

Pimbi akajikaza asicheke. Maji yamepona!

Lakini Mzee Tembo hakuwa amecheka. Mzito alikuwa, ila mwadilifu. "Kijana, weka mzaha kando. Kanuni yetu ni moja. Akiwepo mmoja tu aliyezaliwa Kitonoko, tunaandika, hata kama ni mawe matupu. Yupo?"

Pimbi akaona sikio la Kiboko linainuka taratibu. Akahisi macho ya mama yake mgongoni.

"Hayupo, mzee," akasema. "Pale hajazaliwa yeyote."

Muhuri ukashuka, gubu! HAKUNA MAHALI HAPO.

Njiani Pimbi alikuwa anaruka huku na huku. "Mama, umewaona? Umemwona Kiboko anavyojipiga tumbo? Maji yetu yamebaki!"

"Yamebaki, mwanangu."

"Mbona hucheki sasa?"

Mama yake akasimama apumue. "Nilikuzaa kwenye jiwe la tatu, mvua inanyesha, nimejifunika jani."

"Aah, Mama, si nilikuwa natania!"

"Kwenye mto ulitania. Kwenye samaki ulitania. Hapo mwisho hukutania."

Walipofika mama akamtekea maji, akampa kwa mikono miwili kama siku zote. Pimbi akanywa, akaongeza, akaongeza tena. Kiu haikuisha.

Mwaka huo huo, kabla ya masika, mama yake akafariki. Wakamzika kando ya jiwe la tatu.

Siku zikapita. Jioni moja watoto wa Pimbi wakarudi kutoka darasani, wakatupa mikoba. "Baba, mwalimu katusomea Kitabu. Kumbe huku kwetu si mahali!"

Pimbi hakumaliza chakula. Akatoka mbio, pi pi pi pi, mpaka kwa Mzee Tembo.

"Mzee, nimekuja kutubu. Kitonoko ipo. Mimi nimezaliwa pale. Iandike, hata Kiboko akija na aje!"

Tembo akamtazama kwa huruma. "Nani shahidi wako?"

"Mimi mwenyewe."

"Wewe wa samaki wenye viatu? Wewe uliyesema hajazaliwa yeyote? Nikuamini lini, siku ile au leo? Mlete aliyekuzaa. Yeye akisema, naandika sasa hivi."

"Mama amefariki, mzee."

"Pole sana, kijana. Amezikwa wapi, nikamtilie udongo?"

"Kitonoko."

Tembo akafungua Kitabu, akafunua polepole ukurasa baada ya ukurasa, akaufikia wenye muhuri. Akausoma. Akakifunga Kitabu.

"Sijui nipite njia gani," akasema.

Basi, wanangu, mafunzo yake ni haya: ukiulizwa kwenu ni wapi, jibu kweli, hata kama utashindwa.

Mnamcheka Pimbi? Yeye angalau alikuwa na chemchemi ya kuokoa. Mimi juzi nimeulizwa kwetu ni wapi, nikajibu, "Hapa hapa mjini," na aliyeniuliza alikuwa anatafuta tu mtu wa kwenda naye huko huko kwetu.