Amplifaya ya Masikio Yaliyosoma

Bwana Mbwilo, mkubwa wa mtaa, alikuwa na masikio mawili kama sisi sote, ila yake aliyaheshimu zaidi. Amplifaya yake ya zamani ilitikisa madirisha ya majirani tu, jambo lililomsikitisha sana. Basi akanunua spika za sinema ya nyumbani ndefu kama milango, akamwita Siwatu, fundi wa redio.

"Nitafutie amplifaya inayoendana nazo. Nikiwasha, mtaa mzima ujue nipo. Ukikosea, kibanda chako nakifunga."

Siwatu akaleta mbili: moja kubwa kama sanduku la nguo, nyingine ndogo kama kopo la biskuti.

"Chukua kubwa, bwana. Ndiyo wanayochukua wenye baa."

"Wenye baa?"

"Na wapiga muziki wa harusi. Sikio la kawaida linaridhika nayo kabisa. Hii ndogo sikushauri. Ni ya masikio yaliyosoma. Mwingine hajui hata kama imewaka."

"Nani wa kawaida hapa?" Bwana Mbwilo akainyakua ile ndogo.

Jumapili mchana akawaalika wakubwa wenzake, akaifungulia mpaka mwisho. Spika zikanong'ona. Wageni wakatega masikio, wakatazamana, kisha wakasifu kwa zamu.

"Sauti imetulia," alisema Bwana Mbwilo, jasho likimtiririka.

Nyuma ya ukuta wake, mama mzazi wa Siwatu, mgonjwa wa miezi mingi, aliamka kutoka usingizi mzito, wa kwanza tangu augue.

"Mwanangu, jirani kasafiri?"

"Hapana, mama," Siwatu alimjibu. "Anapiga muziki."