Gando Kubwa la Kaa wa Matopeni

Zamani hizo kaa wa matopeni walikuwa na magando mawili yaliyolingana, na walitembea kwenda mbele kama mimi nawe. Miongoni mwao alikuwepo kijana aitwaye Mbwarali, mlafi wa kutupwa. Sinia likitua tu, yeye keshatia mkono. Watu walimtania, naye alicheka nao huku akitafuna.

Baba yake alipofariki, mamaye, Bi Mwanamize, alisusa chakula. Wageni wa matanga walikula, yeye akakaa mkekani amejikunja, siku baada ya siku. Wote waliogopa kwamba atamfuata mumewe. Shangazi yake Mbwarali alishinda akimbembeleza: "Wifi yangu, onja japo kidogo." Mwishowe mjane akaitikia kwa kichwa. Akanyoosha mikono yote miwili, kama ilivyo desturi ya kupokea. Shangazi akampelekea mnofu wa samaki, wa mwisho uliobaki.

Mnofu haukufika. Mbwarali alikuwa ameketi kando ya mama yake, na hata njaa hakuwa nayo. Aliuona tu unapita mbele yake, mkono wa kuume ukaunyakua.

Macho ya matanga yote yakamgeukia. Mbwarali alijiona kama aliyevuliwa nguo mbele ya kadamnasi. Alitaka kuurudisha ule mnofu, lakini gando lilikuwa limekaza, na kadiri alivyojitahidi kulifungua ndivyo lilivyozidi kuvimba.

"Mwacheni ale," mama akasema, akairudisha mikono yake kifuani. "Kumbe mwanangu alikuwa na njaa, nami sikujua."

Afadhali angemzaba kofi. Mbwarali akainuka aondoke. Kumtazama mama usoni hakuweza kwa aibu, na kumpa mzazi mgongo ni utovu wa adabu. Basi akaenda upande, upande, hadi shimoni. Alipopata moyo wa kutoka kumwomba radhi, mama alikuwa amekwisha kata roho, mikono ingali kifuani.

Na tangu siku hiyo kaa huenda upande. Maji yakipwa utamwona dume lake mlangoni pa shimo, akiinua gando lile kubwa na kulipunga, akimwita mama aje achukue mnofu wake. Mwenyewe hula kwa lile dogo. Kubwa halijapeleka kitu kinywani tena. Ukimsogelea hudhani nawe ulikuwepo matangani, akazama shimoni.