Kibudu cha Bwana Shaame

Wachinjaji wamepita wengi, ila wa kumfikia Pandu hajazaliwa, na anayebisha akanywe maji alale.

Asubuhi ya harusi ya bintiye, tajiri Bwana Shaame alimkuta ng'ombe wa karamu amekufa mwenyewe zizini. Kibudu, haramu kuliwa! Akamwita Pandu upesi.

"Pitisha kisu shingoni, useme umechinja."

"Mzee wangu, niwalishe watu haramu?"

"Nimeshawatangazia ng'ombe. Nikiwapa mbuzi nitachekwa mpaka kaburini. Nifanyie, mbuzi wangu wote wako. Hutaki, namwita mwenye njaa kuliko wewe."

Pandu akakuna kichwa. Kweli, mwingine angekubali.

"Basi mbuzi nipe sasa hivi, na uani nisimwone mtu."

"Wachukue. Lakini funga mdomo mpaka mgeni wa mwisho aondoke!"

"Wallahi sifungui."

Mchana pilau ikapakuliwa. Watu wakala, wakaramba vidole, wakaongeza. "Ng'ombe laini namna hii sijapata kula!" alisema shemeji mtu. Bwana Shaame peke yake hakutia tonge mdomoni. "Tumbo linanisumbua," aliwaambia, huku mate yanamjaa.

Wageni walipokwisha kuondoka na masufuria kukwanguliwa, akamnong'oneza Pandu, "Wamekula kibudu na wamesifu!"

"Kibudu nimekizika, mzee. Wamekula mbuzi wangu, nimewachinja kwa bismillahi."

"Mshenzi we! Nashinda na njaa harusini kwangu, nawe unanitazama tu?"

"Ningesemaje, mzee wangu? Si ulinilipa ninyamaze?"