Kwa Nini Mtawala wa Kalamo Hubeba Jeneza

Mambo yalibadilika siku ya pili ya mwezi wa mavuno ya zeituni, saa tatu asubuhi. Kabla ya hapo, katika mji wa Kalamo, huko Ugiriki ya kale, wafu hawakusindikizwa. Eurilo, aliyeutwaa mji kwa mikuki, aliogopa kila mkusanyiko. Alikataza watu zaidi ya wawili kwenda mazishini, na hata hao wawili walishukiwa. Basi wafu waliburutwa na punda hadi makaburini, vichwa vikigonga mawe.

Asubuhi hiyo Timandra alikuwa mjane. Mumewe, mwashi, aliangukiwa na jiwe akijenga ukuta wa Eurilo, akafa. Timandra alimwosha, akampaka mafuta, akamlaza kwenye jeneza. Hakutaka aburutwe. Alibisha mlango baada ya mlango. Majirani walimlilia wakiwa ndani, lakini hakuna aliyethubutu kutoka. Ndipo akaenda kwenye jumba la mtawala.

Walinzi walimcheka. "Mama, umekuja kuazima punda? Wa hapa hawabebi maskini."

"Sikufuata punda," akajibu taratibu. "Nimemfuata Bwana Eurilo. Sheria inaruhusu watu wawili. Mmoja ni mimi. Wa pili simpati, wote wanaiogopa. Asiyeiogopa ni yeye aliyeitunga."

Eurilo alisikia yote akiwa barazani. Mama yake mwenyewe alizikwa na watumwa wawili, naye akabaki ndani kwa hofu ya visu vya wauaji. Alivua joho lake, akamfuata yule mjane hadi nyumbani kwake.

Timandra alishika jeneza mbele, Eurilo nyuma. Walipoanza kupanda kilima, mikono ya Eurilo, isiyozoea mzigo, ilichoka. Jeneza likayumba. Timandra alihisi uzito ukimwelemea, akaona mumewe sasa ataanguka mavumbini, mji mzima ukichungulia madirishani.

"Usimwangushe, baba," alisema bila kugeuka. "Omba msaada. Sisi wengine huomba kila siku."

Eurilo alitazama milango iliyofungwa. "Jamani," akaita, "nipokeeni."

Komeo moja likavutwa, mfinyanzi akatoka akijifuta udongo mikononi. Akafuata mwingine, na mwingine. Walipofika makaburini umati ulikuwa umejaa, wala hakuna aliyechomoa kisu. Watu walilia kwa sauti; walimlilia mwashi, wakawalilia na wale wote walioburutwa. Timandra aliweka kiganja juu ya jeneza, akaona mumewe amefika salama.

Na tangu siku hiyo, hakuna aliyepewa kiti cha Kalamo kabla ya kubeba jeneza la mtu wa kawaida, bila walinzi, na kuwaomba raia wampokee akichoka.

Ee Mwenyezi Mungu, warehemu wapendwa wetu waliotutangulia, na wale waliokwenda pasipo wa kuwabeba, uwabebe wewe. Amina.