Mwavuli wa Bi Tunu

"Alama yenye miguu haikati kona." Mmeusikia msemo huu leo hapa gereji, mkaniuliza umetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, nami naujua mwanzo wake kwa kuwa aliyeanguka ni mimi.

Mwaka ule timu yetu ya mbio za pikipiki ilibakiwa na nafasi moja. Tuliitaka wawili, mimi Sekibo na Mwanaidi Chuma, na mashindano ndiyo yangeamua. Nilikuwa na kasi kuliko yeye, wala sitajifanya mnyenyekevu leo.

Kona ya tatu ya uwanja ule ilibana kama kiwiko. Kona ya namna hiyo haikatwi kwa kubahatisha. Lazima jicho lipate vitu vya kushika. Mwanaidi aliitembea kwa miguu asubuhi nzima. Akachagua kiraka cha lami cha kufungia breki, jiwe la chokaa la kuilazia pikipiki, na mlingoti wa kutokea konani.

"Dada, unaisoma barabara kama barua ya posa," nikamtania.

"Naisoma, kaka. Jibu lake nalitaka."

Mimi alama yangu ilikuwa moja tu: mwavuli mwekundu wa Bi Tunu, muuza madafu. Wiki nzima ya mazoezi nilifunga breki nilipoufikia, na haukunidanganya hata mara moja.

Siku ya mashindano, mzunguko wa mwisho, nilikuwa mbele. Nikaungoja mwavuli. Ukachelewa. Watazamaji walikuwa wamejazana karibu na kona, na Bi Tunu alikuwa amesogea hukohuko. Nilipoufikia, breki hazikuwa na la kufanya tena. Macho yakaung'ang'ania, na pikipiki huenda yanakokwenda macho. Nikapita mchangani, nikalala katikati ya madafu.

Bi Tunu akanitazama. "Mwanangu, kama kiu ni kali hivyo, si ungenipungia mkono?"

"Mama, mbona umehama?"

"Nimefuata wateja. Nina miguu, baba."

Nyuma yangu Mwanaidi alipita, jicho likiacha jiwe na kudaka mlingoti. Nafasi ikawa yake.

Asubuhi iliyofuata alinikuta nimechuchumaa kwenye kona ile, nakipapasa kiraka cha lami kwa kiganja.

"Barua imejibiwa?" akauliza.

"Imejibiwa, dada. Alama yenye miguu haikati kona."