Ree Nne Mkononi

Wapendwa, leo nawapeleka kwenye meza ya karata. Mzee wa kanisa, wewe hapo mbele, usinikunjie uso! Hapakuwa na hata shilingi mezani. Walicheza kwa maharage, na jioni maharage yenyewe yakapikwa yakaliwa.

Kulikuwa na mjane mmoja huko migombani, mlimani, ambako Krismasi watu hurudi nyumbani hata kama mwaka mzima hawakupiga simu. Mama huyu alijaliwa watoto wanne, na wote wamefika mbali. Mkubwa ni wakili, wa pili ni binti, daktari, wa tatu ana maduka yake mjini, na kitinda mimba, binti pia, ni mwalimu mkuu. Ukimuuliza mtu yeyote pale kijijini atakwambia yule mama kabarikiwa, na ni kweli. Ila watoto wale hawakuwa wakizungumza. Wakili na daktari walinuniana tangu mazishi ya baba yao, eti kwa sababu ya marumaru za kaburi, na wadogo nao kila mmoja akachukua upande wake. Kila mmoja alikuwa akija kwa siku yake, anamsalimia mama, anaacha sukari na mafuta, anaondoka kabla mwenzake hajafika.

Krismasi hiyo wakagongana. Wote wanne, siku moja, na kila mmoja kaja na neno lile lile: mama amezeeka, nimekuja kumchukua.

"Mama, kwangu kuna chumba cha chini, hutapanda ngazi hata moja," alisema wakili.

"Na presha yake ataipima nani? Chumba?" alijibu daktari, macho kwa mama, wala hakumtazama kaka yake.

Mama hakutaka kwenda popote. Ng'ombe wake alikuwa pale, kahawa yake pale, mumewe amelala pale nyuma ya migomba. Lakini amkatalie nani na amkubalie nani, pasizuke ugomvi mwingine juu ya ule wa zamani? Ninyi mlio wazazi, mngefanyaje?

Mama aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na karata zilizochakaa. Marehemu mumewe alikuwa mpishi wa meli, na huko baharini alijifunza mchezo uitwao Omaha. Alirudi nao nyumbani, akamfundisha mkewe, wakawa wanacheza kila jioni ng'ombe akishakamuliwa.

"Tucheze," alisema mama. "Atakayebaki na maharage ndiye atakayeamua mimi nikae wapi. Na hakuna kukata rufaa. Wakili, umesikia?"

Akawafundisha. Kila mtu anagawiwa karata nne, anazificha. Tano zinafunuliwa mezani, ni za wote. Kisha unaunganisha karata zako na za mezani upate tano: mbili za mkononi mwako, tatu za mezani. Mbili tu, si moja, si tatu. Tano zinazofuatana zinashinda mbili zinazofanana, hata ziwe kubwa vipi, na mshindi anazoa maharage.

"Sasa nisikilizeni wanangu. Katika mchezo huu unashinda au unashindwa pale mwanzo kabisa, unapochagua uingie au utupe. Msitazame ukubwa wa karata. Tazameni kama zinashikana. Zinafuatana? Zina rangi moja? Kama kila moja iko kivyake, tupa, subiri nyingine."

Walimsikia? Walimsikia kama mnavyonisikia mimi kila Jumapili! Mama alitupa karata, akamimina chai. Akatupa tena, akaenda jikoni kuchungulia sufuria ya ndizi. Wenzake waliingia kila mara, maana mtu akishika karata nne hakosi moja ya kuipenda.

"Nina mfalme!" alipiga kelele yule mwenye maduka.

"Mfalme na nani?" aliuliza mama.

"Na... mfalme tu, mama."

Maharage yake yakahama. Ya mwalimu mkuu yakafuata, ya daktari yakafuata, hata wakabaki wawili, mama na wakili. Zikagawiwa karata. Wakili akachungulia zake, akaruka. Ree! Ile karata kubwa kuliko zote, na ameshika zote nne! Alisukuma maharage yake yote katikati, na kabla karata za mezani hazijafunuliwa, akampigia mkewe simu: "Tandika kile chumba cha chini!"

Mama alitazama zake. Sita, saba, nane, tisa. Vijikarata. Akasukuma maharage yake naye. Mezani zikafunuliwa mbili, nne, tano, nane, na mfalme.

"Ree nne!" wakili alizibwaga mezani. "Mama, kafunge mizigo!"

"Ngapi zinaruhusiwa kutoka mkononi, baba?"

Wakili alizihesabu kwa kidole. "Mbili."

"Na hizo nyingine mbili?"

"Zimekaa tu."

"Na ree nyingine ya kuja kukusaidia itatoka wapi, nawe umezishika zote?" Mama aliweka sita yake na saba yake kando ya nne, tano na nane za mezani. Zikajipanga mstari mmoja, nne mpaka nane.

Kitinda mimba alicheka wa kwanza. Daktari akacheka mpaka akamshika kaka yake bega, na kaka yake naye, masikini, akashindwa kujizuia. Mama aliwatazama, furaha ikamjaa kifuani, kisha akasema taratibu.

"Usisikitike, mwanangu. Karata hizo hata mimi nimezishika miaka yote hii. Ree nne. Kila mmoja wenu mkubwa, kijiji kizima kinanisifu, na chakula nakula peke yangu."

Kicheko kilikatika.

"Nakaa hapa hapa. Na kuanzia leo hakuna kuja kwangu mtu mmoja mmoja. Mtakuja wawili wawili, kama mchezo unavyotaka. Pasaka, wakili na daktari. Gari moja."

Na Pasaka, wapendwa, lilikuja gari moja.

Je, sisi? Tunamwomba Mungu watu wakubwa. Kwaya yetu ina sauti za ajabu, na wenye sauti hawasalimiani. Kamati yetu ya ujenzi ni ree tupu, na jengo halina paa. Sisi hatukukosa karata, jamani. Tumekosa kushikana! Basi leo usitoke mlangoni peke yako. Mtafute mmoja mtoke naye, na awe yule uliyemkwepa wakati wa kuingia. Nawaona mnavyotazama chini! Inueni vichwa, mshikane mikono, kwaya itupe wimbo wa shangwe, nami natoka na mzee wa kanisa aliyeninunia.