Punda wa Bwana Badi

Mjini Shungi alikuwako mchota maji mmoja, Bi Nunu, mwanamke asiyeishiwa maneno. Tajiri Badi, akijigamba mbele ya wageni wa harusi ya mwanawe, alimwahidi Bi Nunu punda. Kulipokucha akageuka. Bi Nunu akamshtaki.

"Wewe ulimpa nini hata akupe punda?" kadhi akauliza.

"Sikumpa kitu."

"Basi hiyo ni ahadi tupu, mama. Mapatano ni nipe nikupe. Siwezi kumlazimisha."

Bi Nunu akarudi amenuna, mgongo unamuuma kwa ndoo. Asubuhi akasimama mbele ya duka la Badi, akaanza kumsifu kwa sauti.

"Jamani, Bwana Badi mkarimu! Kaniahidi punda! Njooni nanyi mwombe!"

Watu wakajaa, huyu anataka mbuzi, yule kitanda. Mpaka adhuhuri sauti haijamkauka. Badi akatoka, jasho linamtiririka.

"Bi Nunu, nakusihi! Ukinyamaza mpaka kesho, punda ni wako. Hawa wote mashahidi!"

Bi Nunu akafumba kinywa papo hapo. Kesho yake akaja na kamba, akamfungua punda. Badi akamkokota Bi Nunu mpaka kwa kadhi.

"Ananiibia! Hii nayo ilikuwa ahadi tupu!"

"Safari hii hakukupa kitu?"

"Hata kidogo! Tangu jana hajafungua kinywa, salamu yangu hakuiitikia!"

Kadhi akacheka mpaka kilemba kikamlegea. "Si ndicho ulichokinunua, Bwana Badi?"

Bi Nunu akapanda punda, akavuta pumzi, na maneno ya siku nzima yakamtoka njia nzima hadi nyumbani.